Shefu anasema komiti zangu hazisemi kitu. Niandike nini?

Swali: Yaya, jambo. Tuko watatu hapa Lubumbashi, tunatengeneza programu ya depo za unga: stoki, mauzo, madeni, malipo ya dola, ya faranga na ya simu. Juzi shefu alifungua historia yetu ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, akasoma kwa sauti mbele ya wenzangu ujumbe wa kila komiti, yaani kila badiliko tulilohifadhi: «correction», «modif», «modif 2», «final», «final vrai». Watu wakacheka. Mimi najua nilichofanya, na msimbo wenyewe unaonekana, sasa niandike nini zaidi? Na kwa lugha gani, Kifaransa, Kiswahili au Kiingereza? Umeme unakatika ovyo, naogopa kupoteza kazi, kwa hiyo jioni natia kila kitu kwa komiti moja. Zile za zamani, karibu 600, nizisafishe, au tufute yote tuanze upya? Nakupa moja kama mfano: «modif calcul». Mstari uliobadilika ni ule wa kuzungusha jumla kwa faranga: zamani hadi 50 ya karibu, sasa hadi 100 ya karibu.

Jibu: Mdogo wangu, jambo sana. Hiyo «final vrai» imenichekesha na mimi, ila kicheko changu kina aibu ndani. Miaka kadhaa iliyopita niliandika komiti yenye neno moja tu, «correction», na neno hilo likapoteza magunia 200 ya unga. Hayakuibiwa wala hayakulowa. Yalipotea kwenye ripoti tu. Lakini mtunza stoki hakuliona hilo «tu» langu, maana asubuhi ile yeye ndiye aliyetazamwa kama mwizi.

Nchi yetu ina saa mbili, unajua. Kinshasa iko UTC+1, yaani saa 1 mbele ya saa ya dunia. Sisi wa Lubumbashi, pamoja na wa Goma na Bukavu, tuko UTC+2. Kompyuta nazo zinalijua hilo: kwenye orodha yao ya kanda za saa kuna Africa/Kinshasa, na kuna Africa/Lubumbashi. Seva tuliyokuwa tunaitumia ilikuwa imewekwa saa ya Kinshasa. Sasa, lori linalotoka Kasumbalesa halichagui saa ya kufika. Likishusha mzigo saa sita na nusu usiku, mtunza stoki anaingiza magunia yake, na kwenye seva bado ni saa tano na nusu ya siku iliyotangulia. Magunia yanakwenda kwenye ripoti ya jana, ambayo imeshafungwa, na ripoti ya leo inaanza bila hayo. Nilipoligundua hilo nilibadilisha mstari mmoja:

- ukanda = "Africa/Kinshasa"
+ ukanda = "Africa/Lubumbashi"

Nikaandika «correction», nikaenda kula michopo.

Miaka mitatu baadaye mwenzetu mpya alikuwa anapanga upya mipangilio ya programu. Akakuta kila sehemu inasema Kinshasa, mstari mmoja tu unasema Lubumbashi. Alikuwa mtu mwangalifu. Hakuufuta mara moja; aliita git blame aujue umetoka wapi. (Jina baya hilo, kama vile tunatafuta wa kumlaumu. Mimi nalitumia kutafuta wa kumuuliza.) Git ikamjibu kwa uaminifu: umetoka kwangu, tarehe fulani, «correction». Akaja kuniuliza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamwambia, labda nilikuwa najaribu kitu, ondoa. Akauondoa, na ndipo magunia 200 ya lori la usiku yakapotea kwenye ripoti.

Kwa hiyo unaposema msimbo unaonekana, ni kweli, unaonekana. Ulionyesha kwamba Kinshasa imekuwa Lubumbashi, na kila aliyeufungua aliliona hilo. Kisichoonekana mahali popote ni lile lori la usiku. Lilikuwa kichwani mwangu siku ile, likatoka. Hiyo ndiyo kazi ya ujumbe wa komiti: kuandika kile ambacho msimbo hauwezi kukisema wenyewe. Kilichobadilika, git inakijua kuliko wewe, na itakionyesha mstari kwa mstari.

Leo ningeandika hivi:

Ripoti ya siku ifuate saa ya Lubumbashi

Seva iko kwenye saa ya Kinshasa, nyuma yetu kwa saa 1. Mzigo
ulioingia depo kati ya 00:00 na 01:00 ulikuwa unaandikwa kwenye
ripoti ya jana, iliyokwisha kufungwa, na stoki ya asubuhi ilipungua.

Hatubadilishi saa ya seva yenyewe: ripoti za tawi la Kinshasa
zinaitegemea. Hatuongezi saa 1 kwa mkono pia, maana siku seva
ikihamia kwingine hesabu itaharibika tena.

Jaribio: ingiza gunia 1 saa 00:30, tazama ripoti ya siku hiyo.

Aya ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Inataja njia tulizoziona tukaziacha. Yule mwenzetu mpya angeisoma, asingehitaji hata kuniuliza. Na kama siku moja tawi la Kinshasa likifungwa, msomaji atajua kwamba sababu moja imekufa na anaweza kubadilisha saa ya seva bila hofu. Tazama pia kwamba hakuna sentensi inayosema «nimebadilisha ukanda kwenye faili fulani». Hiyo iko chini yake tayari.

Kwa nini mstari mmoja mfupi juu, kisha mstari mtupu, kisha maelezo? Hilo si urembo. Git yenyewe inachukua kila kitu hadi mstari mtupu wa kwanza kama kichwa. Ukisahau mstari mtupu, aya yako nzima inageuka kichwa, na git log --oneline, amri ya kuorodhesha vichwa, inakutapikia aya badala ya orodha. Desturi hii ilitoka kwenye barua pepe: watengenezaji wa Linux, ule mfumo wa kompyuta, hutumiana mabadiliko kwa barua, na mstari wa kwanza wa komiti ndio unaokuwa kichwa cha barua. Wengi husema herufi 50 kwa kichwa na 72 kwa mistari ya maelezo. Hiyo 72 ina hesabu yake: skrini ya zamani ya maandishi ilikuwa na nafasi 80, git log inasogeza maelezo nafasi 4 kutoka kushoto, na ukiacha 4 nyingine kulia ili pande zilingane, inabaki 72. Hiyo 50 ni kukuzuia kupayuka tu. Kichwa changu hapo juu kina herufi 39. Ukifika 55, hakuna polisi.

Ushauri mdogo wenye faida kubwa: acha kuandika git commit -m. Ile -m inakupa kadirisha ka mstari mmoja, na mtu aliyepewa kadirisha huchungulia tu. Andika git commit -v. Kihariri kitafunguka, na chini yake utaona mabadiliko yako yote wakati unaandika. Mimi mara nyingi nagundua hapo hapo kwamba nimesahau kuondoa mstari wa majaribio. Na ukifunga bila kuandika kitu, git inakataa kukomiti, hakuna kilichoharibika.

Sasa nije kwenye tabia yako ya jioni, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo. Magunia yalipopotea hatukujua chanzo. Tulijua tu kwamba toleo la miezi miwili nyuma lilikuwa zima na la siku ile lilikuwa bovu, na katikati yake kulikuwa na komiti kama 400. Kuna amri ya git bisect kwa kazi hiyo. Unaiambia hapa ni pazima, hapa ni pabovu, nayo inakupeleka katikati. Unajaribu, unajibu zima au bovu, inakata tena nusu iliyobaki. Mia nne inakuwa mia mbili, mia moja, hamsini. Kwa hatua 9 hivi umefika. Tulifika kwa nusu saa. Tukaikuta komiti yenye hatia, kichwa chake «modifs semaine», faili 31 ndani. Mwenzetu yule mwangalifu, aliyekuja hadi mezani kwangu kuniuliza juu ya mstari mmoja, alikuwa ametia kazi ya wiki nzima katika mfuko mmoja: mipangilio, rangi za vitufe, ankara, majina ya faili. Git ilikuwa imefanya kazi yake yote ikatukabidhi gunia lililofungwa. Tulisoma faili hizo siku mbili.

Na jaribu kuandika ujumbe mzuri wa komiti kama hiyo. Huwezi. Hata mshairi angeandika «modifs semaine». Mtu akiniambia hajui aandike nini, kwa kawaida naangalia ameweka nini ndani, na nakuta vitu vitano visivyojuana. Kichwa kikianza kudai «na», «pia», «pamoja na», ndipo unapojua kwamba ulitakiwa kuwa na komiti mbili.

Kutenganisha hakuhitaji uwe malaika wa nidhamu mchana kutwa. Fanya kazi yako ovyo kama kawaida, kisha tumia git add -p. Inakuonyesha kipande kimoja kimoja cha mabadiliko na kuuliza kama kiingie. Unajibu y kwa ndiyo, n kwa hapana, na s ukitaka kipande kikatwe vidogo zaidi. Tuseme leo umerekebisha malipo ya simu, na njiani ukanyoosha nafasi za mistari na kubadilisha jina la kigeu. Mzunguko wa kwanza unakubali vipande vya malipo tu, unakomiti. Wa pili, jina. Wa tatu, nafasi. Mwanzoni inachosha kama kuchagua mawe kwenye mchele. Baada ya wiki mbili vidole vinazoea. Zile za kunyoosha nafasi zitenge kabisa, maana zinagusa mistari mia na kufunika jina la kila aliyeandika kitu cha maana hapo kabla. Tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 unaweza kuiambia git blame iruke komiti kama hiyo kwa --ignore-rev, lakini itakusaidia tu kama komiti hiyo haina kitu kingine ndani yake.

Kuhusu umeme: una haki ya kuogopa, ila dawa uliyoichagua ni ya kinyume. Kukomiti hakuhitaji intaneti wala seva; komiti inakaa kwenye mashine yako mwenyewe. Basi komiti kila nusu saa ukitaka, kwenye tawi lako (njia yako ya pembeni ndani ya Git), na uiite «muda» au «bado» au jina la mjomba wako. Hakuna anayekuona. Kabla ya kusukuma, yaani kuzituma kwa wenzako, kaa chini uzipange kwa git rebase -i: nyingine ziunganishe, nyingine zipe ujumbe wa kweli. Ukijua kabisa kwamba marekebisho fulani ni ya komiti ya asubuhi, tumia git commit --fixup ukitaja komiti hiyo, na baadaye git rebase -i --autosquash itayapeleka mahali pake. Rasimu ni yako; wenzako wapewe nakala safi. Hakikisha tu kila komiti unayowapa inafanya kazi peke yake. Ikiwa programu haiwaki katikati ya safari, bisect itabidi iruke hapo, na kila mruko unaongeza giza.

Mpaka wa kuchora ni huu: kilichokwisha kusukumwa na wengine wakakivuta, usikiandike upya. Kila komiti inatambulikana kwa alama ya herufi na tarakimu 40, na alama hiyo inakokotolewa kutokana na faili, ujumbe, jina la mwandishi, saa, na alama ya komiti mama yake. Ukibadilisha neno moja la ujumbe, alama inabadilika. Watoto wake wote wanabadilika pia, hata kama hukuwagusa. Wenzako wawili wataamka asubuhi wana historia ya ukoo ambao haupo tena.

Hapo ndipo linapojibika swali la zile 600. Usizisafishe. Usizifute pia, ingawa utakuwa na mfano wa mtu mkubwa wa kujitetea. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza Git mwezi wa 4 mwaka 2005, baada ya Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo. Tarehe 16 mwezi huo akaweka Linux yote ndani ya Git kwa komiti moja, toleo 2.6.12-rc2, bila historia ya nyuma. Lakini soma alichoandika hapo: anasema wazi kwamba historia anayo, kwamba ingefika kama GB 3.2 ikiingizwa, kwamba ingetatiza siku za mwanzo bila faida, na kwamba hazina ya kale inaweza kutengenezwa pembeni baadaye. Alibomoa nyumba akaacha kibao mlangoni. Hata hivyo, anayetumia git blame leo kwenye mistari ya kale ya Linux bado anagonga ukuta wa komiti hiyo. Yako ni 600 tu, mdogo wangu, hazijazi hata simu ya kitufe. «Modif 2» yenye tarehe na jina bado inakuambia nani wa kumuuliza. Ukikumbuka sababu ya chache muhimu, git notes inakuruhusu kubandika maelezo pembeni bila kubadilisha alama, ila jua kwamba maelezo hayo hayasukumwi yenyewe. Lazima uyasukume kwa makusudi.

Kwenye lugha, watu wengi watakuambia Kiingereza bila kufikiri. Mimi nauliza: nani atasoma? Kama msimbo uko wazi kwa dunia nzima, sawa, Kiingereza. Kama ni ninyi watatu na wa nne atakayeajiriwa hapa hapa mjini, andikeni kwa lugha mnayoweza kuelezea sababu nayo bila kukaza misuli. Kifaransa ndicho tulichosomea kompyuta, Kiswahili ndicho tunachogombania nacho mezani, na sababu nyingi huzaliwa mezani. Nimeona Kiingereza cha kulazimisha kikimfanya mtu mwenye akili aandike maneno mawili, kwa sababu neno la tatu alishindwa kulitafsiri. Kiswahili kina faida yake: «Zuia malipo yasirudiwe» ni amri kamili ndani ya herufi 22. Lakini chagueni moja mshikamane nayo, angalau kwenye vichwa. Mkichanganya, mtu atatafuta git log --grep=malipo na zile zilizoandikwa «paiement» hazitatokea. Kifaransa nacho kina mtego wa alama juu ya herufi: mmoja anaandika «dépôt», mwingine «depot», na kwa git hayo ni maneno mawili.

Mengine mawili haraka. Usiandike «angalia WhatsApp» wala namba ya tiketi peke yake. Simu huibiwa, kundi hufutwa, huduma ya tiketi huisha malipo. Sentensi mbili za uamuzi ziandike ndani ya komiti yenyewe. Na usiweke humo jina la mteja, namba yake ya simu, wala neno la siri. Neno la siri likishasukumwa, libadilishe kwanza, usianze kwa kuhangaika kulifuta kwenye historia.

Utauliza, kwa nini nisiweke tu maelezo haya kama maoni ndani ya msimbo? Kuna wakati ndiyo. Kama anayekuja lazima aone onyo kabla hajagusa, liweke juu ya mstari wenyewe. Mstari wangu wa saa ulistahili vyote viwili: maoni mafupi pale pale, «lori za usiku, usirudishe Kinshasa», na hadithi nzima kwenye komiti.

Tumalizie na mfano wako. «Modif calcul», 50 imekuwa 100. Nimeitazama vizuri na naweza kubahatisha sababu tatu. Labda wateja wanakataa kwa kuwa depo haina noti ndogo za kurudisha chenji. Labda mwenye depo ameagiza tu, anataka hesabu nyepesi. Au labda jumla ya programu ilikuwa hailingani na ile ya malipo ya simu, nawe ukaona 100 inaficha tofauti. Kama ni ya kwanza, atakayekuja anaweza kuipandisha hadi 200 siku hali ikibadilika, bila kumuuliza mtu. Kama ni ya pili, lazima ampigie mwenye depo kabla ya kugusa. Kama ni ya tatu, kuna hitilafu ingali hai chini ya mstari huo, na shefu wako anatakiwa kuijua leo. Mstari ni ule ule mmoja. Niandikie ni ipi.